Karani wa stoo aliyepooza: nani anapaswa kumlipa?

Mwanamume wa miaka 47, karani wa stoo katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, alianguka akiwa kazini Machi 2025. Kilikuwa kiharusi. Alitoka hospitalini akiwa amepooza mkono na mguu wa kulia, na maneno yakimtoka kwa shida: anaelewa kila anachoambiwa, ila akitaka kusema "maji" hujikuta amesema "mlango". Ana mke anayeuza mitumba, watoto watatu, mkopo wa sacco na nyumba ya kupanga Mlolongo. Mshahara wake ulikuwa Sh62,000 kabla ya makato. Kampuni iliunganisha likizo ya ugonjwa iliyokuwa kwenye mkataba na siku za likizo alizokuwa hajachukua, ikamlipa mshahara kamili hadi mwisho wa Juni. Kisha ikataka kuachana naye.

Familia ilikuwa na swali moja: serikali inamlipa kiasi gani mtu wa namna hii? Katika Kenya swali hilo halina jibu moja, kwa sababu hakuna ofisi moja inayomhudumia mtu aliyeshindwa kufanya kazi. Kuna ofisi kadhaa, na kila moja inauliza swali lake. Moja inauliza kama una ulemavu. Nyingine inauliza kama huwezi tena kujipatia riziki. Ya tatu inataka kujua nini kilikuumiza, na ya nne inapima umaskini wa nyumba yako. Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa mengine yote. Ukipeleka jibu la ofisi moja kwa ofisi nyingine, unarudishwa, na nimeona watu wakirudishwa mpaka wakakata tamaa huku haki yao ikiwa palepale.

Cheti kilichokimbiliwa kwanza

Kaka yake mkubwa ndiye aliyeshika mambo ya karatasi, na alianza na cheti cha msamaha wa kodi cha KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Namwelewa. Ndicho wengi wanachokisikia. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, NCPWD, anaweza kuomba mapato yake yasitozwe kodi hadi Sh150,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa kwa agizo la mwaka 2010 na kinatosha kufunika mshahara wote wa wafanyakazi wengi. Maombi hufanyika kupitia iTax, mtandao wa kodi wa KRA, yakiambatana na kadi ya NCPWD, ripoti ya hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na barua ya mwajiri.

Tazama barua hiyo ya mwajiri. Msamaha wa kodi hauleti pesa nyumbani. Unazuia pesa zisikatwe. Kwa viwango vya 2025, karani huyu alikatwa PAYE, kodi inayotolewa kwenye mshahara, ya zaidi kidogo ya Sh9,000 kila mwezi, hata baada ya ile nafuu ya kila mtu ya Sh2,400. Kama angekuwa na cheti mkononi wakati bado analipwa, hizo Sh9,000 zingebaki kwake kila mwezi, na kwa nyumba yenye mgonjwa hizo ni pesa za mazoezi ya viungo na dawa za presha. Siku mshahara unapokoma, cheti kilekile kinasamehe kodi ya mapato ambayo hayapo.

Kwa hiyo kaka alikuwa sahihi kuhusu cheti ila wakati ndio uliomkataa. Usajili wa NCPWD unahitaji tathmini ya hospitali kwanza, na hospitali ya kaunti ilitaka mgonjwa atulie kabla ya kumpima. Alipopata kadi, Juni ilikuwa imekwisha. Kadi yenyewe haikupotea bure, maana inatumika kwingine. Lakini mwezi wa Aprili na Mei, wakati kila juhudi ilikuwa kwenye cheti, jambo zito zaidi lilikuwa likiandaliwa kimyakimya kazini.

Barua ya kujiuzulu

Mke aliitwa na afisa wa wafanyakazi katikati ya Juni. "Mama, tumemwandalia mzee barua," aliambiwa. "Akitia sahihi wiki hii, malipo yake yatatoka haraka." Barua ilisema kwamba mfanyakazi anaacha kazi kwa hiari yake, kutokana na hali ya afya. Mke aliisoma mara mbili, akajibu, "Niruhusu niende nayo nyumbani kwanza, madam. Mwenyewe hawezi kusoma haraka."

Hakuna jambo alilofanya katika kisa hiki lililokuwa na thamani kuliko hilo.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kutoweza kimwili amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilize majibu yake. Mwajiri anaweza kumaliza mkataba kwa sababu ya afya, hilo halijakatazwa. Kilichokatazwa ni kuufanya ulemavu wenyewe kuwa sababu, bila kuangalia kama kuna kazi nyingine ambayo mtu anaimudu na bila kumsikiliza. Mfanyakazi anayeonewa ana miaka 3 ya kwenda katika mahakama ya ajira na mahusiano ya kazi. Aliyetia sahihi barua ya kujiuzulu amefanya kesi yake iwe ngumu mno tangu mwanzo, kwa sababu kwenye karatasi hakuna aliyemfukuza.

Kuna sababu ya pili, na naiona kubwa zaidi ijapokuwa haizungumzwi sana. Ile sababu ya kuacha kazi iliyoandikwa kwenye barua inasafiri. Inanakiliwa kwenye fomu ya mfuko wa pensheni wa kampuni, inanakiliwa kwenye dai la NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inanakiliwa kwenye dai la bima. Karani huyu alikuwa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa kampuni kwa zaidi ya miaka kumi. Anayejiuzulu kabla ya umri wa kustaafu huchukua michango yake, lakini sehemu ya mchango wa mwajiri hubaki imefungwa, na anachochukua kinaweza kutozwa kodi. Anayeondoka kwa sababu ya afya, kwa uthibitisho wa daktari, anaweza kudai mafao yake kama mstaafu wa mapema. Na tangu marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika mwisho wa Desemba 2024, pesa zinazotolewa kwenye mfuko uliosajiliwa kwa sababu ya ugonjwa kabla ya umri wa kustaafu hazitozwi kodi. Huu ni msamaha wa kodi usiohitaji cheti cha ulemavu, usiohitaji kadi ya NCPWD, na ambao hakuna mtu katika familia hiyo aliyekuwa ameusikia. Kilichouamua ni kisanduku kimoja kwenye fomu.

Barua ya kujiuzulu haikutiwa sahihi. Mwakilishi wa chama aliitwa, kikao kikafanyika mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na barua iliyotoka ilisema kazi imesitishwa kuanzia Juni 30, 2025 kwa sababu za kiafya.

Milioni sita ambazo hazikuwepo

Jamaa wengi waliamini kampuni itamlipa fidia kwa kuwa alianguka ndani ya stoo. Mtu alikuwa amefanya hesabu: Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, WIBA, inampa aliyepata ulemavu kamili wa kudumu mapato ya miezi 96. Zidisha kwa Sh62,000 unapata Sh5,952,000. Karibu milioni sita. Nambari hiyo ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na ikaleta matumaini ambayo baadaye yaliwauma.

WIBA haiulizi ulianguka wapi. Inauliza kama ajali ilitokana na kazi na ikatokea wakati wa kazi, au kama ugonjwa ni ule unaotambuliwa kuwa umeletwa na kazi. Kiharusi cha mtu mwenye presha ya muda mrefu ni ugonjwa uliomkuta kazini. Mambo yangekuwa tofauti kama, kwa mfano, angeangukiwa na shehena kichwani. Hapo ningemwambia mke apeleke taarifa katika idara ya usalama na afya kazini siku hiyohiyo, kwa kuwa dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12, na anayepinga uamuzi wa mkurugenzi wa idara hiyo ana siku 60 za kufanya hivyo. Ushahidi wa namna hiyo haukuwepo. Familia ilishauriwa isitumie pesa za wakili kwenye njia hii, na nadhani ulikuwa ushauri mwema, ingawa haukupokelewa vizuri.

Neno la daktari

NSSF ndiko mahali ambapo swali linalingana na hali ya mtu huyu. Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo ilianza kutekelezwa Februari 2023 baada ya miaka ya kesi mahakamani, ina malipo ya mwanachama aliyepoteza kabisa uwezo wa kujipatia riziki kwa sababu ya ulemavu wa mwili au akili ulio wa kudumu. Anatakiwa awe na michango ya angalau miezi 36 iliyotangulia kupoteza uwezo huo, na bodi ya madaktari imthibitishe. Haijalishi kiharusi kilimkuta stoo, kanisani au kitandani.

Dai la kwanza lilirudi. Sababu ilikuwa sentensi moja kwenye ripoti ya hospitali iliyoandikwa Mei: "Anaweza kurudi kazini kwa kazi nyepesi baada ya kuendelea na mazoezi."

Daktari aliyeandika hivyo hakuwa mtu mbaya. Mei alikuwa anajaribu kuiokoa ajira ya mgonjwa wake. Alitaka mwajiri amtafutie kazi ya kukaa badala ya kumfuta. Kwa swali la mwajiri, sentensi ile ilikuwa msaada mkubwa. Kwa swali la NSSF, ilikuwa kukiri kwamba mtu anaweza kufanya kazi. Tena ilikuwa mapema. Baada ya kiharusi mwili hurejea kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua, na hakuna bodi makini itakayotamka neno "kudumu" wakati mgonjwa bado anapata nafuu kila wiki.

Mke alirudi kwa daktari Oktoba. Ningependa kila mtu mwenye mgonjwa aone alivyojiandaa, kwa kuwa hakwenda kuomba aandikiwe uongo. Alikuwa na daftari la shule lenye mambo ya kawaida ya siku: mkono wa kulia hauwezi kushika kikombe, akisimama muda mfupi goti linakunja, akiambiwa "leta sahani mbili na kisu" analeta sahani moja na kusahau mengine, nambari anazisoma lakini hawezi kuzijumlisha. Karani wa stoo asiyeweza kujumlisha, kuandika wala kutaja jina la kitu hana kazi nyepesi ya kwenda kufanya. Daktari alimpima upya, akaandika ripoti inayotaja kazi aliyokuwa akiifanya, viungo na uwezo uliopotea, muda uliopita tangu kiharusi, na kwamba hatarajii mabadiliko makubwa. Aliieleza pia ile sentensi ya Mei kwa uwazi: yalikuwa matarajio ya wakati ule, na hayakutimia. Maelezo hayo ni ya lazima. Ripoti mbili zinazopingana bila maelezo hufanya faili ionekane imepikwa.

Kizuizi kingine kilikuwa kwenye taarifa ya michango. Miezi minne ya 2024 haikuonekana kwenye akaunti yake ya NSSF, ilhali kila hati ya mshahara ya miezi hiyo ilionyesha makato. Mwajiri anapaswa kuwasilisha michango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na hapa pesa zilikatwa ila hazikufika. Kwa sheria inayohesabu miezi iliyotangulia, pengo la namna hii linagusa kitovu cha dai. Hati za mshahara ndizo zilizomwokoa. Alikuwa anazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, jambo ambalo mkewe alikuwa akilinung'unikia kwa miaka. Malalamiko yaliandikwa kwa NSSF yakiambatana na nakala za hati hizo, na kampuni ikalipa.

Halafu ikaja sahihi. Fomu ya NSSF, fomu ya mfuko wa pensheni na benki zote zilitaka sahihi inayofanana na ile ya zamani. Mkono ulioiandika sahihi hiyo ndio uliopooza. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, benki ikakataa. Hatimaye meneja wa tawi alimbadilishia kielelezo cha sahihi kuwa alama ya dole gumba, mbele ya shahidi, akiambatisha barua ya daktari inayosema mgonjwa anaelewa anachokubali. Sehemu hiyo ya mwisho isidharauliwe. Mtu asiyeweza kusema vizuri huchukuliwa haraka kuwa hana akili timamu, na jamaa wakianza kutia sahihi kwa niaba yake bila utaratibu wa kisheria, dai lake lote linaingia mashakani.

Bodi ilimkubali. Malipo yanatoka sehemu mbili: mfuko wa zamani, wenye alichochanga kabla ya sheria mpya pamoja na riba, na mfuko mpya wa pensheni. Kiasi kinategemea kilichochangwa, hakitegemei mahitaji ya mgonjwa. Ni kidogo, na sitaki kumdanganya mtu yeyote kwamba kinatosha kulea watoto watatu.

Kwa chifu

Kuhusu Inua Jamii nitasema machache. Mpango huo hulipa Sh2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wa saa zote. Chifu alimuuliza mke, "Mama, hapo nyumbani kuna mtu mwenye mshahara au pensheni?" Mara NSSF ilipoanza kulipa, jibu lilikuwa ndiyo, na mlango ukafungwa. Aliyeshindwa kufanya kazi baada ya kuchanga hukosa hapa. Mpango uliwekwa kwa ajili ya yule ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kuchanga. Sioni kosa katika mpangilio huo. Kosa naliona kwenye kiasi: Katiba, katika ibara ya 43, inaitaka serikali impe hifadhi ya jamii inayofaa mtu asiyeweza kujikimu, na Sh2,000 kwa mtu anayehitaji kugeuzwa kitandani haifikii neno "inayofaa".

Bima ya afya ilibadilika pia. Makato ya SHA yaliyokuwa yakitoka kwenye mshahara, asilimia 2.75, yalikoma na mshahara, na familia ikalazimika kujisajili kama isiyo na ajira rasmi na kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Ni vizuri kulijua hili kabla ya mwezi wa mwisho wa mshahara, wakati bado kuna pesa za kulilipia.

Kodi iliyokatwa kupita kiasi

Januari 2026 mke alikwenda saiba kujaza ritani ya kodi ya mumewe. Wengi huacha, wakidhani asiye na kazi hana haja ya ritani. PIN, yaani nambari ya mlipakodi, ikiwa hai, ritani inatakiwa kufikia Juni 30, na asiyejaza anaweza kutozwa faini ya Sh2,000. Hata mwenye cheti cha msamaha hujaza.

Katika kisa hiki ritani ilikuwa na faida kuliko cheti. PAYE hukatwa kila mwezi kana kwamba mshahara utaendelea hadi Desemba. Kwa miezi sita karani alikatwa karibu Sh55,000. Lakini kodi ya mapato huhesabiwa kwa mwaka: Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na nafuu ya binafsi kwa mwaka ni Sh28,800. Mapato yake ya kutozwa kodi kwa miezi hiyo sita, tukiacha kando malipo ya kuondokea, yalikuwa kama Sh335,000. Kodi ya mwaka mzima juu ya kiasi hicho, baada ya nafuu, haifiki Sh12,000. Maana yake amelipa karibu Sh43,000 zaidi ya anachodaiwa. Zinaombwa kupitia iTax kama kodi iliyolipwa kupita kiasi, kwa kuambatanisha P9 ya mwajiri, hati inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa mwaka huo, na muda wa kuziomba ni miaka 5. Yeyote aliyeacha kazi katikati ya mwaka kwa sababu ya ugonjwa aifanye hesabu hii, awe na kadi ya ulemavu au asiwe nayo.

Kilichobaki ni mkopo wa sacco. Kila mwezi wa mkopo ule karani alikatwa bima, na masharti ya bima hiyo yanataja kifo pamoja na ulemavu kamili wa kudumu. Hakuna mtu wa sacco aliyelitaja hilo hadi mke alipoomba nakala ya masharti. Amepeleka dai akiambatisha ripoti ya Oktoba, uamuzi wa bodi ya NSSF na barua ya kusitishwa kazi, na ameandika kuomba wadhamini wasikatwe hadi jibu litoke. Wawili kati yao walikuwa wameshaanza kupigiwa simu.